Mwanafunzi wa Mazoezi Kituoni: Mgeni, Mfanyakazi, au Kibarua wa Bure?

Kila ifikapo mwezi wa Juni, vyuo vinapofunga, vituo vya utafiti wa kilimo hapa Uganda hupokea vijana wenye barua mkononi. Barua inasema kwamba aliye nayo ni mwanafunzi wa kilimo, naye anaombewa nafasi ya kufanya mazoezi ya kazi kwa muda wa majuma manane au kumi. Mwezi wa Agosti ukiisha anafunga mzigo wake na kurudi chuoni. Katika muda huo watu wa kituoni hawana jina moja la kumwita. Ofisi humwita mwanafunzi. Msimamizi wa shamba humwita kijana wangu. Vibarua, wakimwona ameshika jembe, huulizana kama amekuja kuchukua kazi yao. Swali hilo la vibarua si la utani, na ndiyo sababu tumelipa nafasi katika ukurasa huu.

Ndugu zetu wengi wanaosoma sehemu hii ya Kiswahili ni wafanyakazi wa mashamba, madereva, walinzi na mafundi wa karakana. Baadhi yao ni wazazi wa vijana hao hao. Kwa hiyo tutaeleza mazoezi haya ni nini, nani hasa anayefundisha, na mpaka uko wapi kati ya kumfundisha mtu na kumtumia.

Vituo vyenyewe si vya jana. Serere, katika nchi ya Teso, ilianza kazi tangu miaka ya 1920. Kawanda, kilomita chache kutoka Kampala kwa njia ya Bombo, ilianzishwa mwaka 1937. Namulonge ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na shirika la Waingereza lililoshughulikia kilimo cha pamba katika makoloni; leo watu wanaijua zaidi kwa muhogo, maharage, mpunga na mahindi. Kalengyere iko juu milimani, upande wa Kigezi, kwenye baridi inayofaa viazi na ngano. Tangu mwaka 1992 vituo hivi vimewekwa chini ya shirika moja la taifa la utafiti wa kilimo, NARO. Tunavitaja ili msomaji ajue tunazungumza juu ya mahali gani. Malalamiko tutakayoyaeleza mbele hatumwekei mtu wala kituo chochote.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi haambiwi chuoni ni kwamba mimea haifuati kalenda ya mitihani. Sehemu kubwa ya kusini mwa nchi yetu hupata mvua mara mbili, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Maharage huchukua siku 75 hadi 90 tangu kupandwa mpaka kuvunwa. Kijana anayeingia Juni basi anakuta maharage ya mvua za kwanza yanakauka. Ataona kuvuna, kupura, kupepeta na kupima. Hataona kupanda. Muhogo ni zaidi ya hapo, maana katika majaribio huachwa kama miezi 12 kabla ya kung'olewa, na mwanafunzi huukuta katikati ya maisha yake kama mtu aliyeingia sinema imefika nusu. Anayemsimulia yaliyopita si kitabu. Ni yule mzee wa shamba aliyekuwapo siku ya kupanda, anayekumbuka ni upande gani maji yalisimama mwezi wa Aprili na ni mistari ipi iliyorudiwa kupandwa kwa sababu ndege walifukua mbegu.

Hapo tunafika kwenye kiini cha habari. Kwenye fomu ya chuo, mwalimu wa mazoezi ni mtafiti mwenye shahada kubwa. Mtafiti huyo ni mtu wa maana, na wengi wao hujitahidi. Lakini ana mikutano, ana ripoti za wafadhili, ana safari za wilayani. Kwa siku tano za juma mwanafunzi yuko mikononi mwa fundi wa shamba na vibarua. Hao ndio wanaomwonyesha kazi, na hebu tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa watu wa nje hudhani kwamba shamba la majaribio ni shamba kama mengine ila lina vibao vingi.

Shamba la majaribio limegawanywa katika vitalu vidogo. Tuseme watafiti wanataka kulinganisha aina 12 za maharage. Hawapandi kila aina mara moja tu, maana upande mmoja wa shamba unaweza kuwa na rutuba na mwingine ukawa na mawe. Hupanda aina zote 12 katika fungu la kwanza, kisha zote 12 tena katika fungu la pili, na tena katika la tatu, na katika kila fungu mpangilio wa aina hubadilishwa kwa kura. Mafungu hayo huitwa marudio. Pembeni hupandwa mistari ya ulinzi ambayo haihesabiwi, kwa kuwa mmea wa pembeni hupata jua na nafasi kuliko wenzake, na kwa hiyo hudanganya.

Sasa chukua palizi. Mkulima wa kawaida akipalilia nusu ya shamba leo na nusu juma lijalo, hasara yake ni ndogo. Katika majaribio, ukipalilia nusu ya marudio leo, mvua ikanyesha siku sita mfululizo, nusu ya pili inakaa na majani muda wote huo. Siku ya mavuno aina iliyokuwa upande wa majani itaonekana mbaya, kumbe ubaya ulikuwa wa ratiba ya jembe. Ndiyo maana vibarua wazoefu hawaachi fungu katikati: wakilianza wanalimaliza siku hiyo hiyo. Kibarua mzoefu anajua pia kwamba kibao kilichoanguka hakichomekwi tena kwa kubahatisha; anaita fundi, na fundi anafungua ramani ya shamba. Haya yote ni elimu, hata kama aliye nayo hakumaliza darasa la saba. Mtu akimwita mwenye elimu hiyo kibarua wa kulima tu, hajui anachokiangalia.

Tuje kwenye mzani. Kitalu cha maharage kinaweza kuwa na mistari minne yenye urefu wa mita 3, nafasi kati ya mstari na mstari ikiwa sentimita 50. Mistari miwili ya nje ni ya ulinzi. Inavunwa miwili ya kati, yaani eneo la mita za mraba 3. Kama mavuno ni gramu 450, hiyo ni gramu 150 kwa mita moja ya mraba, na hekta moja ina mita za mraba 10,000. Hesabu inatoka kilo 1,500 kwa hekta. Haya, mwanafunzi aliyechoka anapopepeta anamwaga konzi moja ya maharage, gramu 60, na haokoti. Kwake ni konzi moja. Kwenye karatasi ni kilo 200 kwa hekta zilizopotea, magunia mawili. Aina nzuri inaweza kutupwa kwa ajili ya konzi hiyo. Unyevu nao una hila zake: maharage yaliyopimwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18 yakatoa hesabu ya kilo 1,500, yakikaushwa mpaka asilimia 13 hesabu hiyo inashuka hadi karibu kilo 1,414. Kwa hiyo hapimi tu uzito, anapima na unyevu, na anaandika vyote viwili palepale, kwa penseli, kwa kuwa wino ukipata umande husambaa.

Tumesema palepale kwa makusudi. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni la mtu anayejaza daftari akiwa amekaa chini ya mwembe. Chukua muhogo wa Namulonge. Ugonjwa wa batobato uliangamiza muhogo wa nchi yetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, watu wakalala njaa katika wilaya nyingi, mpaka zilipotolewa aina zenye kuvumilia, zile zinazoitwa NASE. Mwaka 2004 ukaonekana ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ambao una ujanja wa peke yake: mmea unaweza kusimama wima na majani yake yakaonekana mazima, kumbe chini mizizi imeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Katika majaribio, mimea hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Moja ni mzima, tano ni mgonjwa sana. Kwa batobato mtu anatazama majani. Kwa michirizi ya kahawia hatosheki na majani. Anang'oa, anakata mzizi vipande, anatazama ndani, mzizi kwa mzizi. Ni kazi ya kuchosha, mikono inanata utomvu, na baada ya mimea 200 jicho linaanza kuona alama ya 2 kila mahali.

Mwanafunzi akiandika 2 pale palipokuwa na 4, kosa halikomei kwenye ripoti yake. Muhogo hupandwa kwa vipande vya mti wake, na ugonjwa husafiri ndani ya vipande hivyo. Mti uliopewa alama ya uongo unaweza kuzidishwa na kupelekwa kwa wakulima. Watakaokula hasara ni watu wa Luwero au Apac ambao hawajui hata kwamba kijana huyo aliwahi kuwapo.

Kinyume chake, jicho la mtu anayetembea shambani kwa uaminifu limewahi kuusaidia ulimwengu. Mwaka 1998, katika vitalu vya ngano vya Kalengyere, ilionekana kutu ya shina kwenye ngano ambazo ziliaminika kuwa na kinga. Wangeweza kusema ni mvua nyingi, wakapita. Hawakupita. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini kuchunguzwa, ikagunduliwa kwamba ni kutu ya namna mpya, ikaitwa Ug99, yaani Uganda na mwaka 1999. Baadaye ilionekana Kenya, Ethiopia, Sudan, Yemen na hata Iran, na mataifa yakaanza kutafuta mbegu mpya za ngano kwa haraka. Sisi hupenda kuwaeleza vijana habari hii wanapolalamika kwamba kutembea vitaluni na daftari ni kazi ya kitoto.

Basi ikiwa palizi ni elimu, kupepeta ni elimu na kukata mizizi ni elimu, je, ubaya uko wapi kumpa mwanafunzi jembe? Hakuna ubaya kumpa jembe. Ubaya ni kumwacha nalo. Mwanafunzi akipalilia siku mbili pamoja na vibarua, akajua uzito wa kazi, akaelezwa sababu ya kumaliza fungu, amejifunza. Akipalilia majuma matatu, hana jipya analolipata baada ya siku ya tatu. Kuanzia hapo kituo kinavuna jasho lake. Na tumepata malalamiko, zaidi ya mara moja na si kutoka mahali pamoja, kwamba katika miezi ya Juni na Julai vibarua huambiwa wapumzike kidogo kwa kuwa wanafunzi wapo. Kupumzika huko hakuna malipo. Kibarua analipwa kwa siku aliyofanya kazi. Siku asiyoitwa, watoto wake hawali kwa sababu ya elimu ya mwingine.

Msomaji akumbuke pia hali ya mtu huyu kisheria. Kima cha chini cha mshahara nchini kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakitoshi mlo wa siku moja kwa familia. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kubadili mambo hayo, lakini Rais hakuutia sahihi. Kibarua wa shamba hana basi ukuta nyuma yake. Akishindanishwa na mtu asiyelipwa chochote, atashindwa kila mara, hata awe hodari namna gani. Kwa maoni yetu kipimo ni rahisi: idadi ya vibarua wanaoitwa isipungue kwa sababu wanafunzi wamefika. Katibu wa tawi anaweza kulijua hili bila kumgombeza mtu, kwa kulinganisha orodha ya malipo ya Mei na ya Julai, akizingatia kazi iliyokuwapo shambani.

Kuna na upande wa mwanafunzi mwenyewe, ambao vyama vyetu vimeuacha nyuma kwa kufikiri kwamba huyu si mwanachama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamhesabu kuwa mwajiriwa mtu mwenye mkataba wa kazi, na vile vile mwenye mkataba wa uanagenzi. Mwanafunzi wa mazoezi mara nyingi hana hata mmoja kati ya hiyo miwili. Ana barua tu. Akikatwa na panga au akianguka kutoka kwenye trela, mabishano huanza papo hapo: chuo kinasema alikuwa kituoni, kituo kinasema ni mtu wa chuo. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Pendekezo Na. 208 mwaka 2023 juu ya uanagenzi bora, lenye kutaka mapatano ya maandishi, malipo yanayofaa na kinga ya ajali; lakini kusema kweli hilo linahusu uanagenzi, na si kila zoezi la mwanafunzi linaingia humo. Kwa hiyo swali la bima lijibiwe kwa maandishi kabla kijana hajapanda gari, na barua itaje nani atalipa hospitali. Mzazi anayetusoma aidai barua hiyo.

Juu ya usalama wenyewe hakuna nafasi ya kubishana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2006, inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na umma pia dhidi ya hatari za shughuli zake, kwa gharama yake mwenyewe. Hata ukisema mwanafunzi si mfanyakazi, huwezi kusema si mtu. Hatari kubwa ni dawa za kuulia wadudu. Kwenye kibandiko cha chupa kuna utepe wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, ya manjano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Kijana asiyejua rangi hizo asishike bomba la kupulizia. Asitembee vitaluni kabla ya muda ulioandikwa kwenye chupa kwisha, hata kama mtafiti anataka alama za ugonjwa leo. Bomba likiziba, asilipulize kwa mdomo. Tumewaona watu wazima wakifanya hivyo. Gambuti, glavu na ovaroli zitoke stoo ya kituo. Si haki kumwambia mtoto wa mkulima akanunue mwenyewe, naye atakuja na kandambili.

Kuhusu fedha, katika Kiswahili sanifu posho ni fedha za kujikimu, na hapa kwetu posho ni ugali wa mahindi. Kuna wanafunzi wanaopata zote mbili, wengine wanapata hiyo ya pili tu, na wapo wasiopata hata moja, wakapanga chumba senta na kutembea kilomita nne asubuhi. Athari yake ni kwamba nafasi nzuri huchukuliwa na wenye jamaa mjini.

Jambo moja zaidi, zito, tulitaje bila kuzunguka. Fomu ya maksi iko mikononi mwa mtu mmoja. Wasichana wametueleza maana ya hilo: anayeshika kalamu anaweza kutaka vingine. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kuweka utaratibu wa kuuzuia. Mama mmoja wa kamati ya tawi ajitambulishe kwa wanafunzi siku ya kwanza, awape namba yake ya simu, nao wajue kwamba kumpigia si kuharibu maksi. Fomu nayo isainiwe na watu wawili.

Wa pili awe fundi wa shamba. Yeye ndiye aliyemwona kijana saa moja asubuhi kwenye umande, ndiye anayejua kama zile alama za muhogo ziliandikwa shambani au chini ya mwembe. Tulizozipitia, fomu za vyuo vinne, zina nafasi ya sahihi ya mtafiti, ya mkuu wa kituo na ya mhadhiri anayekuja kukagua. Ya fundi haimo. Matawi yanayotaka ibadilishwe yatuletee nakala ya fomu ya chuo chao kabla ya mwisho wa Aprili, ili barua ya pamoja iwafikie wakuu wa vyuo kabla wanafunzi hawajaanza kufunga mizigo.